Matawi Tunayoyachoma Ndiyo Mbolea Tunayoililia

Kila kaskazi inapokaribia kumalizika na wananchi wanapoanza kujitayarisha kwa mvua za mwaka, anga ya visiwa vyetu hutanda moshi. Makonde hufyekwa, vichaka hukatwa, matawi hukusanywa mafungu mafungu, na jioni hutiwa moto. Asubuhi shamba huonekana safi na jeusi, na wapitao njia humsifu mwenyewe kwa bidii yake. Katika miezi hiyohiyo, ukihudhuria mkutano wowote wa wakulima, iwe Unguja au Pemba, hoja ya kwanza itakayosimama ni mbolea: imechelewa kufika, bei yake haishikiki, na iliyoletwa haikutosha. Moshi huo na malalamiko hayo tumezoea kuyatazama kama mambo mawili yasiyojuana. Makala haya yanakusudia kuyaweka katika mizani moja.

Tuanze na hesabu, maana mazungumzo ya kilimo yasiyo na hesabu hugeuka upesi kuwa hotuba. Majani ya miti ya jamii ya kunde, kama vile glirisidia na mlusina, yakikaushwa huwa na naitrojeni ya kiasi cha asilimia 3 hadi 4 ya uzito wake. Tani moja ya majani makavu, basi, ina kilo 30 hadi 40 za naitrojeni. Mfuko wa yurea wa kilo 50 una kilo 23. Kwa hiyo tani hiyo moja, ambayo shambani ni tani nne au tano za majani mabichi, imebeba naitrojeni iliyozidi ya mfuko mzima wa yurea. Moto ukishapita, karibu yote hupaa pamoja na moshi na kwenda zake, wala hakuna jembe litakaloirudisha. Kinachobaki chini ni majivu, nayo yana potasiamu, chokaa na fosforasi kidogo.

Hatusemi kwamba majivu ni takataka. Katika udongo mwekundu wa magharibi ya Unguja na katika vilima vya mikarafuu vya Pemba, ambako mvua za karne nyingi zimeosha chokaa ya ardhini na kuacha uchachu, majivu huleta nafuu ya msimu mmoja au miwili, na mkulima anayeona muhogo wake ukinawiri juu ya jivu hadanganywi na macho yake. Lakini twende uwandani, kutoka Muyuni hadi Makunduchi, na kutoka Jambiani na Paje hadi Chwaka, ambako udongo ni tabaka jembamba lililojificha katika mashimo ya jiwe la matumbawe. Jiwe hilo lenyewe ni chokaa tupu. Kumwaga majivu mahali hapo ni kuongeza chokaa juu ya chokaa, wakati kitu ambacho udongo ule hauna, yaani mboji, ndicho kilichotiwa moto.

Wapo vijana waliosoma ambao, wakiisikia habari hii, huwacheka wazee kwamba walikuwa wajinga. Hilo si kweli wala si adabu. Wazee walichoma, lakini walichoma katika utaratibu uliokuwa na nusu ya pili. Konde lililimwa misimu miwili au mitatu, kisha likaachwa, na mwenyewe akahamia pengine. Lile la kwanza likarejea kuwa kichaka, majani yakaanguka mwaka baada ya mwaka na mizizi ikavuta rutuba kutoka katika nyufa za mawe, hata aliporudi baada ya miaka mingi akakuta ardhi iliyopumzika. Moto ulikuwa ni kufungua ghala iliyojazwa na mapumziko. Sisi tumeurithi moto, mapumziko tumeyaacha, kisha tunashangaa ghala kuwa tupu.

Tumeyaacha kwa sababu hatuna tena pa kuhamia. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 1,303,569 katika Zanzibar. Ile ya mwaka 2022 iliwahesabu 1,889,773. Hilo ni ongezeko la watu zaidi ya laki tano na nusu katika miaka kumi, juu ya ardhi ileile ambayo leo inabeba watu zaidi ya 700 katika kila kilomita ya mraba, na ambayo sehemu yake inaliwa kila mwaka na nyumba, barabara na hoteli. Tukumbuke pia historia yetu wenyewe. Baada ya Mapinduzi, ardhi ilitangazwa kuwa mali ya umma mwaka 1964, na kuanzia mwaka 1965 Serikali ya Mzee Abeid Amani Karume ikawagawia wananchi eka tatu tatu. Lilikuwa tendo kubwa la haki, na aliyekuwa akilima kwa hisani ya bwana akapata pa kusimama. Sasa tumchukue mmoja wa hao, aliyefariki akiwa wazazi wake wametangulia, akaacha mke, watoto wanne wa kiume na wawili wa kike. Kwa hesabu tuliyofundishwa chuoni, mke ana thumuni yake, na kilichobaki kinagawika mafungu kumi, mwanamume mawili na mwanamke moja. Kila mtoto wa kiume atalima kiasi cha nusu eka, na kila wa kike robo eka na kidogo. Hata pale ambapo karatasi haikugawanywa, jembe limegawanywa. Na kizazi cha pili cha warithi kimekwisha kuwa watu wazima wenye watoto.

Mwenye robo eka hawezi kuipumzisha miaka kumi. Atailima mwaka huu, na mwakani, na mwaka utakaofuata. Hana budi ailishe ardhi huku anaitumia.

Ailishe kwa nini? Jibu la haraka ni mbolea ya dukani, na gazeti hili haliungani na wale wanaoitukana. Bonde la mpunga lenye maji ya kutosha na mbegu bora linaihitaji, na Serikali inapoipunguzia bei inafanya jambo la maana. Lakini sisi ni watu wa visiwani, na kila kilo ya yurea hutufikia kwa chombo. Mwaka 2021 bei ya gesi, ambayo ndiyo mali ghafi ya yurea, ilipanda katika soko la dunia. Februari 2022 vita vya Ukraine vikaanza na bei ikapaa zaidi. Mkulima wa Mwera au wa Konde, asiyehusika kwa lolote na vita hivyo, akalipa gharama zake. Aidha, katika udongo wa kichanga usiokuwa na mboji, yurea hupita kama maji katika tenga: mvua kubwa mbili za mwaka zinatosha kuiteremsha chini ya mizizi. Mboji ndiyo inayoishika. Hivyo hata aliye na fedha za kununua mfuko anahitaji majani shambani mwake ili fedha zake zisizame ardhini.

Njia tunayoipendekeza ni ya kupanda miti ya mbolea kwa vipandikizi, kuikata kila msimu na kuyalaza matawi yake machanga juu ya udongo. Si uvumbuzi wetu, wala si mpya. Glirisidia ni mti wa Amerika ya Kati, ambako wakulima waliupanda tangu zamani kukivulia kivuli kakao, hata Waspania wakauita mama wa kakao. Mwishoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa Ibadan, nchini Nigeria, waliufanyia majaribio utaratibu wa kupanda mahindi na mazao mengine katikati ya mistari ya miti ya jamii ya kunde inayokatwa mara kwa mara. Katika Malawi, kuanzia miaka ya 1990, majaribio ya muda mrefu ya glirisidia iliyopandwa ndani ya mahindi yaliongeza mavuno kwa kiasi kikubwa katika udongo uliochoka. Hapa kwetu mti huo si mgeni hata kidogo. Wafugaji wengi wa ng'ombe wa maziwa wanaukata kwa malisho, wakulima wa viungo wanaupandishia pilipili manga na vanila, na wengine wameuzungushia nyua zao. Tunao mlangoni, ila tumeupa kazi ya ulinzi tu.

Kazi yenyewe inaelezeka kwa maneno machache. Fito iliyokomaa, yenye unene wa kifundo cha mkono na urefu wa mita moja hadi mbili, hukatwa kwa mshazari upande wa chini na kuchimbiwa mvua zinapoanza. Ikishika, huachwa ikue kiasi cha mwaka mmoja. Baada ya hapo hukatwa kwa panga kwa kimo kilicho kati ya goti na kiuno, kabla ya kupanda mazao, na tena kila inapoanza kuwatia kivuli. Majani na vijiti laini hulazwa chini baina ya mashina ya muhogo, mahindi au migomba. Fito nene huenda jikoni. Katika mwaka mzuri mti huo huchipua na kukatwa mara mbili, tatu, hata nne.

Yapo mambo ambayo wapenzi wa njia hii hawapendi kuyataja, na kwa kutoyataja wamewavunja moyo wakulima waliojaribu. La kwanza ni kazi. Kukata, kubeba na kutandaza tani nne za majani mabichi si mchezo, na ndiyo sababu miti ipandwe ndani ya shamba lenyewe na si maili moja kutoka hapo. La pili ni kwamba nusu eka ya udongo mbovu haitatoa tani hizo katika mwaka wa kwanza, na pengine hata katika wa tatu; anayeahidi mavuno maradufu katika msimu mmoja anauza maneno. La tatu, mti uliotokana na kipandikizi huwa na mizizi ya juujuu kuliko ule uliotokana na mbegu. Kwa ua hilo halina neno, lakini kwa mstari wa katikati ya shamba, ambako tunataka mizizi ikachimbue rutuba ya chini na isigombanie maji na mahindi, mbegu ni bora ikipatikana. La nne, majani ya glirisidia huoza upesi mno. Kwa joto letu na unyevu wetu, wiki chache tu huwa yamekwisha kuyeyuka. Kwa kulisha mazao hilo ni jema. Kwa kuufunika udongo usipigwe na jua la kaskazi halifai. Anayetaka yote mawili ayachanganye na vitu vigumu vinavyochelewa kuoza, kama makuti, makumbi na nyasi kavu. Vinyweleo vya mvinje pia hukawia sana kuoza.

La tano ni zito zaidi kwa watu wa uwanda. Majani yanaleta naitrojeni, lakini hayawezi kuleta fosforasi ambayo haikuwamo ardhini, na udongo wenye chokaa nyingi huikamata fosforasi na kuinyima mimea. Mbolea ya mawe ya Minjingu, ambayo imewafaa wengi huko Bara kwenye udongo wenye uchachu, haiyeyuki katika udongo wa chokaa. Kwa hiyo uwandani majani hayana budi yafuatane na samadi na kinyesi cha kuku. Bwana shamba anayewaambia wakulima wa Makunduchi maneno yaleyale anayowaambia wa Kizimbani hajautazama udongo aliousimamia.

Tusisahau pia yaliyoupata mlusina. Miaka ya 1980 ulisifiwa kila mahali kuwa ni mti wa miujiza, kwa malisho, kwa kuni na kwa mbolea. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 akaingia Afrika Mashariki mdudu mdogo anayefyonza machipukizi yake, aliyekuwa amekwisha kuvuka bahari ya Pasifiki na kuingia Asia, na mashamba ya mlusina yakasinyaa. Atakayesimama leo kuwaambia wananchi wapande glirisidia peke yake kutoka Nungwi hadi Kizimkazi atakuwa hakujifunza kitu.

Tawi moja lina wadai watatu: ng'ombe, jiko na udongo. Mahitaji ya jiko si ugomvi mkubwa, kwa kuwa jiko lataka kijiti na udongo wataka jani. Ng'ombe ndiye mshindani wa kweli, maana anataka jani lilelile. Lakini ng'ombe ni mdai anayelipa, mradi samadi yake irejeshwe kwenye shamba lililotoa majani. Katika vijiji vingi hilo halifanyiki: majani hukatwa kwa mmoja, ng'ombe ni wa mwingine, na samadi huuzwa kwa mlima mboga wa tatu. Kila mmoja wao anafanya biashara halali. Shamba la yule wa kwanza tu ndilo linalopungua kila siku kwa uzito wa mzigo mmoja wa majani.

Tumefika katika jambo ambalo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Mtu anaweza kuuliza: ikiwa mti upo, wajuzi wapo, na hesabu ni hii, mbona wakulima hawaupandi? Wakubwa wengi hujibu kwamba wananchi hawana elimu. Jibu hilo ni jepesi na linawastarehesha wanaolitoa, kwa kuwa linadai semina, na semina haina lawama. Ukweli ni kwamba mkulima wa kisiwani anaijua sheria moja ambayo haikuandikwa katika kitabu chochote cha bwana shamba: hapa kwetu mti ni dai.

Mila ya Zanzibar tangu zamani imetenganisha ardhi na mti. Mtu anaweza kuwa na minazi katika kiwanja cha mwenziwe, akaivuna, akairithisha. Kwa sababu hiyohiyo, anayeazimwa konde huazimwa kwa masharti yanayojulikana na kila mtu: lima muhogo, lima viazi, lima kunde, lakini usipande mti wa kudumu. Mwenye ardhi hana roho mbaya. Anajua kwamba mnazi ukishaota, aliyeupanda ana haki, na watoto wake wana haki, na siku moja itabidi watu wakae mbele ya sheha. Hofu hiyo imezidi katika miaka hii ya barabara na hoteli. Kwa kuwa ardhi ni ya umma, kinachohesabiwa wakati wa kulipa fidia aghlabu ni miti na majengo yaliyo juu yake. Wajanja wamelielewa hilo, na pakisikika tu fununu ya mradi, mahali palipokuwa patupu huota miche kwa usiku mmoja. Basi mwenye ardhi akimwona aliyemwazima akichimbia fito za glirisidia kwa mistari, nyuzi kwa nyuzi, haoni mbolea. Anaona mpaka.

Sasa jiulizeni ni nani wanaolima mashamba ya kuazima. Ni vijana waliokwisha kuoa na ambao baba yao yungali hai. Ni watu waliohama shehia. Na kwa wingi ni akina mama, ambao fungu lao la mirathi, kama tulivyolihesabu, ni robo eka, na ambao mara nyingi hulima konde la ndugu wa kiume au la jamaa wa mume. Hao ndio wanaoshika jembe kila siku, na hao ndio waliokatazwa kupanda kitu kitakachokaa zaidi ya msimu. Mwenye haki ya kupanda yuko mjini. Mwenye haja ya kupanda hana haki. Maelfu ya vipeperushi hayawezi kulitatua jambo hilo.

Linaweza kutatuliwa kwa karatasi moja. Tunapendekeza kwamba Wizara inayoshughulikia kilimo, ikishirikiana na ile inayoshughulikia ardhi, iandike mfano wa makubaliano ya miti ya mbolea, ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha kawaida. Yaseme kwamba fulani ameazimwa konde na fulani. Kwamba amepanda miti ya kukatwa kwa ajili ya kurutubisha ardhi. Kwamba miti hiyo haimpi dai lolote juu ya ardhi wala haitaingia katika hesabu ya fidia kwa upande wowote. Kwamba itakatwa isizidi kimo kilichotajwa. Na kwamba, kwa kuwa mkulima amepoteza jasho lake kuipanda, hataondolewa katika konde hilo kabla ya misimu kadhaa kupita bila ya ridhaa yake. Sharti hili la mwisho ndilo lenye uzito, na ndilo ambalo wenye ardhi watalikataa kwanza. Lakini hakuna mtu mwenye akili atakayeirutubisha ardhi ya mwingine kwa miaka mitatu ili anyang'anywe katika mwaka wa nne, inapoanza kuzaa. Hilo limekwisha kutokea, na waliotendewa wamewasimulia wenzao.

Sheha ashuhudie, nakala moja ibaki kwake, na mchezo umalizike. Watakaosema kwamba suala hili lisubiri marekebisho ya sheria tunawajibu kwamba miti inayokatwa kila baada ya miezi mitatu ni zao, kama nyasi za ng'ombe zilivyo zao, na kwamba mapatano baina ya majirani mbele ya sheha yamekuwapo kabla hata ya kuwapo kwa ofisi hizo. Chama nacho kisikae pembeni. Chama kina matawi kila mahali, na kazi ya kuwakutanisha wenye ardhi na wanaoazima ni kazi ya siasa hasa, kuliko nyingi kati ya zile zinazojaza ajenda za mikutano yetu.

Wapo watakaouliza mbona viongozi hawajalisema hili. Tunadhani sababu moja ni namna tunavyopima kazi. Mfuko wa mbolea huhesabika. Hupakuliwa, hukabidhiwa mbele ya wapiga picha, na idadi yake huandikwa katika taarifa ya robo mwaka. Miche nayo huhesabika siku inapopandwa, ingawa ni mara chache mtu kurudi baada ya mwaka kuhesabu iliyopona. Lakini jani linalooza chini ya mgomba halina hafla. Azimio la Siasa ni Kilimo, lililopitishwa na TANU huko Iringa mwaka 1972, lilieleza kwa kirefu namna ya kulima, wala halikuishia katika kuhimiza watu walime. Wengi tulilishika jina lake na kuyaacha maelezo yake. Afisa wa wilaya aulizwe, pamoja na mifuko, ni makonde mangapi katika wilaya yake ambayo hayakuchomwa mwaka huu. Swali hilo halina gharama, na kila sheha anaweza kulijibu kwa kutembea kwa miguu.

Upo mzigo mwingine wa matawi ambao haudai ruhusa ya mwenye ardhi yeyote. Kila mwaka matawi hukatwa chini ya nyaya za umeme, kandokando ya barabara na katika bustani za mahoteli ya pwani. Sehemu kubwa hupakiwa kwenye magari na kwenda kumwagwa jaani, au huchomwa nyuma ya ukuta ambako wageni hawaoni. Kule Jambiani au Kiwengwa, ukuta wa bustani ya hoteli, inayotiwa mbolea na maji mwaka mzima, unapakana na konde la muhogo lisilo na jani la kufunika udongo. Matawi hayo yakikatwakatwa yangeweza kutandazwa kondeni humo. Iko tahadhari moja: vipande vya mbao ngumu visifukiwe, kwani vikioza ndani ya udongo hula naitrojeni ya mazao kwa muda, vilazwe juu tu. Na matawi ya mjini yachambuliwe kwanza, maana huja na plastiki na chupa. Halmashauri zikikaa na wenye hoteli na wakataji wa matawi, zikakubaliana mahali pa kushusha mzigo katika kila shehia, gari litakwenda safari fupi kuliko ile ya jaani.

Lakini makubaliano huchukua muda, na mkulima wa robo eka ya kuazima hawezi kuingoja Wizara. Kwake upo mbaazi. Hakuna mwenye ardhi wa Unguja wala wa Pemba aliyewahi kumwita mwenziwe kwa sheha kwa sababu ya mbaazi, kwa kuwa kila mtu anauhesabu kuwa ni chakula. Hata hivyo ni wa jamii ya kunde kama glirisidia, mizizi yake huenda chini, majani yake humwagika kwa wingi, na unaweza kuishi miaka miwili au mitatu ukikatwa na kuchipua. Hautoi majani mengi kama mti, hilo ni kweli, lakini unampa mwenyewe kitoweo, kuni na jani, bila ya kumtia mashakani. Aupande mwanzoni mwa mvua za mwaka pamoja na mahindi, katika mistari iliyoachana hatua tatu au nne. Mahindi yakishavunwa auachie nafasi ukue. Kipupwe kikiisha na mbaazi zikishachumwa, aukate kwa kimo cha goti, vijiti avipeleke jikoni, majani ayalaze papo hapo bila kuyatia moto, na vuli ikiingia apande muhogo wake katikati ya mashina hayo.